Mikono Chini ya Shali, Injini Juu ya Mkeka

Jumatano, Garissa. Joto limeanza kabla ya chai, na upepo unatuletea vumbi hadi jikoni. Wiki hii vumbi ndilo adui yangu mkubwa.

Sijalala vizuri. Injini ina konrodi nne za kushika pistoni, na kila konrodi ina kifuniko chake. Ukivichanganya, shafti inayozungushwa na pistoni inakwama. Nilijua hilo, nikavitia alama kwa rangi ya kucha, nikajiona fundi kamili. Jana nikaviosha kwa petroli.

Alama zote zikaenda na petroli.

Gari ni la Aabe, babangu: la spoti, milango miwili, alilotamba nalo ujanani. Limelala uani tangu niko shule ya msingi. Kaka zangu wanataka liuzwe kama chuma chakavu. Aabe hakusema ndiyo wala la. Alinipa ufunguo tu, mimi ambaye sijawahi kufungua hata injini ya pikipiki.

Leo asubuhi akaja dalali wa ngamia, ambaye siku hizi ananunua hata vyuma. Aabe alimpokea barazani, wakashikana mikono, akaifunika kwa shali yake. Kwetu sokoni bei husemwa hivyo, kwa vidole chini ya nguo, na watazamaji hawaambulii kitu.

Mimi niko mkekani karibu nao, injini mbele yangu, spana mkononi. Nilikuwa nafunga kifuniko kimoja kimoja na kuzungusha shafti. Viwili vilikubali. Cha tatu nikakikaza, nikazungusha, ikakwama kwa mlio.

Dalali akacheka. "Mzee, hii imekufa, wallahi. Uza tu."

Nilitamani kumrushia spana. Badala yake nikafungua, nikavibadilisha nafasi vifuniko viwili vilivyobaki, kwa haraka hadi bolti ikaniponyoka. Shali haikusogea. Wamefika vidole vingapi? Nilimkasirikia Aabe, nasema kweli. Kama anauza, ufunguo alinipa wa nini?

Nikavikaza vyote viwili. Bismillahi. Nikazungusha.

Shafti ilizunguka laini, mzunguko mzima. Nikazungusha tena kwa kutoamini, kisha nikapiga kelele kama mwendawazimu. Hapo ndipo Aabe alipoutoa mkono wake. Dalali akaondoka akinung'unika, hakununua kitu.

Baadaye nilimpelekea Aabe chai, nikamuuliza alikuwa ametaja bei gani.

"Sikutaja," akasema. "Nilimshika mkono tu, asije kukusumbua."

Nilicheka, kisha nikaingia ndani nikalia. Siku zote hizi nilidhani hajali, kumbe ananingoja niliwashe. Bado kichwa cha injini hakijafungwa, bado kabureta, na asubuhi nilikuwa naogopa kuharibu vyuma tu.

Sasa injini ikikataa kuwaka, nitamtazamaje mzee huyu usoni?