Malaria Imenirudia Mikumi

Mama, shikamoo.

Tembo wa kwenye picha ya postikadi hii sijamwona. Nimeona dari la gesti tu, maana ile malaria uliyoniuguza hapo Kilosa imenirudia na Iringa sijafika. Nesi aliponipima nilikaribia kulia.

"Dawa nilimaliza," nikamwambia. "Mama aliniona nikimeza hadi kidonge cha mwisho."

"Nakuamini, dada," akasema. "Wadudu wengine dawa ikiwa kwenye damu wanalala kama wamekufa. Ikishaisha nguvu wanaamka, wanazaliana upya."

Akanibadilishia dawa. Jana nilitetemeka hadi Mama Zuhura, mwenye gesti, akawaacha wateja wake, madereva wa malori, akaja kukaa nami. Alininywesha uji wa ulezi wenye limau, mkono wake kwenye paji langu, na machozi yakanitoka.

"Pole mwanangu, umekuunguza?" akauliza.

Nikaitikia kwa kichwa. Ningemwambiaje kwamba uji ulikuwa mtamu, ila niliutaka mkono wako?

Leo homa imeshuka, nimekula ndizi nusu. Gari la Kilosa likipiga honi natamani nikimbilie, lakini nesi anataka kunipima tena kwanza, ahakikishe wadudu wameisha kweli. Safari ya Iringa nimeiacha. Akiniruhusu tu, narudi.

Mungu akutunze, na Baba pia. Nikifika usihangaike kupika. Kaa tu karibu yangu.

Mwanao akupendaye,
Eliza