Masharubu Dirishani

Karakana ya Mabango,
Perm,
9 Machi 1938

Mpendwa Shomoro wangu,

U mzima huko Tashkenti? Kifua cha mjomba kimeachia? Huku barafu bado inatukaba, ila sote tunapumua. Bibi Pelageya kashamaliza kukufumia soksi.

Barua hii anakuletea Glafira mkononi. Ukishaisoma, itie jikoni iungue.

Unajua karatasi hakuna. Bango jipya tunalichora mgongoni mwa bango kuukuu, kila mtu anajua. Kwa sikukuu ya wanawake, Efim, yule fundi aliyenifundisha kushika brashi, alichora mama wa trekta, mashavu mekundu, meno yote nje. Karatasi alichukua mwenyewe, mbio mbio, bila kuigeuza. Nami nikajitia ujuaji. Badala ya ukutani, nikalibandika kwenye kioo cha dirisha la bwalo la kiwanda, walione wanaopanga foleni ya supu.

Jana mchana jua likapiga kioo. Marfa mpishi akasimama na upawa wake: "Jamani, mama wa trekta kaota masharubu."

Bwalo zima likacheka. Halafu wakayatambua. Yalipenya kutoka mgongoni mwa bango: ni ya yule mkubwa wa viwanda aliyekamatwa vuli, ambaye picha zake tuliamriwa tuzichome zote. Kicheko kikakatika. Watu wakala wameligeuzia dirisha mgongo, nami nakwangua kwa kisu. Gundi ya unga ilishaganda, Shomoro. Jicho lake moja liko pale mpaka sasa.

Kesho asubuhi ni mkutano. Wanataka aliyetoa karatasi ile. Leo Efim kanivuta kwenye ndoo za rangi.

"Taisia, mdogo wangu, baba yako mfua vyuma. Wewe watakukaripia tu. Mimi baba yangu alikuwa kasisi."

Yaani niseme karatasi niliitoa mimi. Mkewe ana mimba, na wawili wengine wanamngoja nyumbani. Lakini Marfa ananionya nisijitie ushujaa, maana kuna kijana wa kiwandani aliyeitwa mwezi wa Novemba akakaripiwe tu, na mama yake bado anamwekea sahani.

Nisalimie mjomba, shangazi Yevdokia na kale kachanga kenu. Mungu, ambaye siku hizi tunamtaja kwa kunong'ona, awafunike.

Dada yako akupendaye, kesho iwe iwavyo,
Taisia

Nimesahau. Efim kanioshea brashi zangu zote, jambo ambalo hajawahi kulifanya, kaziacha mezani kwangu. Sijazigusa. Ungekuwa wewe, Shomoro, ungezichukua?