Habari za Goti Langu

Kiwanjani, Isiolo
9 Februari 1982

Kwa dada yangu Dokata, Rapsu,

Asalaam aleikum. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na watoto, na mfereji bado unaleta maji shambani. Sisi huku tuko salama, mifugo imekonda lakini inasimama. Abiba, wewe unayemsomea mama yako, soma polepole, usiruke mstari. Kama kuna wageni, ngoja waondoke.

Dada, dereva wa lori la vitunguu ameniambia kwamba Alhamisi ijayo unapanda Meru kutolewa kifuniko cha goti. Anasema daktari alikupa njia mbili, mazoezi au kisu, nawe ukajibu kwamba ndugu yako Huka alikatwa na sasa anashinda ngamia kwa mbio, kwa hiyo na wewe ukatwe. Niliposikia hivyo nikatafuta kalamu.

Wacha nianzie mwanzo. Mimi si mtu wa kuogopa, hata simba wa Kinna wananijua kwa jina. Lakini mwaka juzi goti la kulia lilinishinda. Kwenye tambarare nilitembea vizuri. Kuchuchumaa, kupanda ngazi za ofisi ya DC, kuinuka kutoka sijda, hapo lilisaga kama jiwe la mahindi mpaka watu wa safu ya nyuma msikitini wakasikia. Mzee Tiya akanitibu kwa kunichoma na chuma cha moto pande zote mbili. Ngozi ikapona, goti likaendelea kusaga.

Ndipo nikaenda kwa Daktari Rimberia. Akanieleza kwamba nyuma ya kile kifuniko kuna kitu laini cha kuteleza, na changu kimelika. Mimi siamini nisichoona, hata kama niliishia darasa la nne. Nikamwendea Gikunda wa bucha, akanipa goti la ndama na goti la ng'ombe mzee, nikayapasua mwenyewe pale mezani. Dada, Mungu ni fundi! La ndama ni jeupe, linang'aa, kidole kinateleza kama kwenye samli. La mzee limekwaruzika kama ukuta usiopigwa lipu. Gikunda akaniuliza kama nimeanza kusomea udaktari, nikamwambia nimeshamaliza.

Nikarudi kwa Rimberia na maswali mpaka akacheka. Nilitaka kujua mtu asiye na kifuniko anainukaje. Akasema wengine hupata nafuu kubwa, lakini mguu unaweza kupungukiwa na nguvu, na kikishatoka hakirudi. Ndiyo maana kisu anakiweka mwisho, mazoezi yakishindwa.

Sasa, yale niliyosimulia kwenye harusi ya Qabale, kwamba nilikataa dawa ya usingizi, nikashika kifuniko changu kikiwa bado na joto, na daktari akanipigia saluti. Dada, sikukatwa. Alama niliyowaonyesha ni ya chuma cha mzee Tiya.

Yaliyonisaidia ni haya: miezi mitano, asubuhi na jioni, nafunga mlango kwa komeo, nalala chali, nanyoosha goti, mfuko wa mchanga nimeufunga kwenye kifundo. Nainua mguu, nahesabu mpaka kumi, nashusha. Bado linasaga kidogo, lakini nainuka bila kushika mtu. Nilificha kwa aibu. Mwanamume mwenye ng'ombe zake kulala mguu juu kama kobe aliyepinduliwa! Niliona kisu kina heshima zaidi, nikajipa kisu cha mdomo. Sikujua kitakufikia wewe.

Kama daktari wako akikupima tena na kuona ni lazima, kubali, na nitakusindikiza. Lakini usikatwe kwa sababu ya mdomo wangu. Mwambie mazoezi hujajaribu hata siku moja.

Jumanne, kabla hujapanda Meru, nitakuwa Rapsu. Tandika mkeka nje, mchana kweupe, nitalala mimi kwanza na mguu wangu juu. Wanaume wa huko waje watazame, wacheke wachoke. Wewe kazi yako ni kuhesabu, halafu zamu yako.

Nisalimie Ado na majirani wote. Mke wangu Umulkheir anakusalimu sana. Anasema angekuambia mapema, maana mfuko wa mchanga aliushona yeye, lakini alitaka kuona nitafika wapi.

Ni mimi ndugu yako, mwenye vifuniko vyote viwili,
Huka Kanchoro