Kilo Sifuri Kituoni

Jumatano. Ukungu hadi saa tatu, halafu jua la kuchoma. Huku Tukuyu hatujazoea jua la namna hii.

Leo nimelipiza kisasi. Naandika kabla utamu haujanitoka mdomoni.

Lusajo tuko naye ofisi moja, kiwanda cha chai. Tangu kiwanda kibinafsishwe kila kitu kinataka kompyuta, na programu ya kupokea majani ya wakulima niliiandika mimi. Miezi mitano. Nilipokwenda Kisiba kumzika shangazi, Lusajo akafuta jina langu, akaweka lake, akaipeleka kwa meneja. Nililalamika, meneja akaniambia niache wivu.

Haya, nikaacha. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Ili ionekane kazi yake, alipangua asichokielewa: kielekezi cha funksheni. Mimi sikuifundisha programu kusoma mzani. Niliipa anwani ya funksheni, kipande cha programu kinachojua kuusoma. Ni kama kumwambia mtoto, "Nenda nyumba ile, fundi yupo." Fundi akibadilika, unamtajia nyumba nyingine tu. Ukija mzani mpya, unauandikia funksheni yake, unaelekeza anwani huko, basi. Lusajo akaona nyota na mabano ya kielekezi, akadhani ni mapambo. Akafuta, kila mahali akaandika moja kwa moja funksheni ya mzani wa zamani.

Wiki iliyopita nikasikia mzani mpya unakuja. Nikaandika funksheni yake, nikaihifadhi kwenye flashi. Nikanyamaza.

Leo wameufunga kwenye kituo cha Kawetele, wakulima wanakoleta majani, ule wa zamani ukaondolewa. Huu mpya uzito wake unaonekana kwenye kompyuta tu. Gunia la kwanza lilikuwa la Mama Tupokigwe, mjane aliyewahi kuliko wote. Kilo sifuri. Wakalipandisha tena. Sifuri. Lusajo jasho likamtoka, na mimi nikafurahi, sifichi.

Flashi ilikuwa mfukoni mwangu. Dakika kumi zingetosha.

Sikuitoa. Nilitaka meneja afike kwanza, aone kwa macho yake. Ilimchukua saa mbili kufika.

Alipofika akamtaka Lusajo aeleze kasoro. Akababaika. Nikachomeka flashi, nikamwambia, "Kaa hapo. Mimi nasema, wewe andika." Mstari wa kielekezi nilimwandikisha neno kwa neno, mbele ya wakulima wote. Weka nyota. Fungua mabano. Hapana, futa, rudia.

Gunia likapandishwa. Kilo thelathini na moja. Watu wakashangilia.

"Hii programu aliandika nani?" meneja akauliza.

Lusajo akatazama viatu vyake. "Ni yeye."

Siku zote hizi nilikuwa nikilisubiri neno hilo.

Kisha karani akaingiza mkono kwenye gunia la Mama Tupokigwe, akautoa haraka. Majani yalikuwa yamepata joto kwa saa zile mbili za jua, yameanza kuwa mekundu. Kiwanda hakipokei majani ya namna hiyo.

Mama akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Ndaga, asante, mwanangu. Umetusaidia sana. Haya yangu nitayamwaga kwenye migomba."

Hajui kwamba flashi ilikuwa mfukoni mwangu tangu gunia lake la kwanza.

Jumamosi nitapanda Kawetele nikamchumie gunia jingine. Lusajo simsamehe, na meneja aliyeniambia niache wivu simsamehe pia. Lakini mama atauliza kwa nini nimekuja kumchumia. Nitamjibu nini?