Shingo Yangu Ndiyo Shokapu ya Gari la Baba

Mpendwa Shangazi wa gazetini, shikamoo. Mwalimu wetu alitufundisha kwamba barua nzuri huanza na jambo lenyewe, basi jambo lenyewe ni hili: mlango wa nyuma wa gari letu utamwangukia mtu, na nikimwambia baba, naogopa nitamvunja moyo.

Gari letu ni lile kubwa la familia, ambalo mlango wake wa buti hufunguka kwenda juu na kushikiliwa na shokapu mbili nyembamba, moja kila upande. Ya kulia ilichoka zamani ikawa haisukumi kitu, ya kushoto ikabeba mlango wote peke yake mpaka kile kibati kinachoishikiza kwenye bodi kikang'oka na kulichana bati la gari. Wakati huo baba alikuwa ameachishwa kazi ya kutunza stoo, akawa anashinda sebuleni na runinga imezimwa, ukimwamkia anaitika lakini macho hayapo, na mama, ambaye ni fundi cherehani na hutumia gari hilo kupeleka sare za shule kwa wateja, akawa anauegemeza mlango kwa mpini wa fagio bila kulalamika. Ndipo siku moja baba akainuka mwenyewe, akaazima drili kwa jirani tunayemwita Meneja, akatia skrubu nene zaidi katika matundu yale yale yaliyochanika, akafungua mlango ukakaa, akarudi nyuma kuutazama, akasema, "Imekamata." Meneja akamtania kwamba kumbe tuna fundi mtaani na sisi tunahangaika na gereji, baba akacheka, Shangazi, akacheka mpaka akajishika kiuno, na tangu siku hiyo anapiga mluzi bafuni, amekaza bawaba za makabati yote, na juzi nilimsikia akimuuliza mama kama kuna mahali wanatafuta mtunza stoo.

Lakini haikukamata. Nilikuwa nikitoa sare nikasikia sauti kama kopo linalokanyagwa, nikaona skrubu zimelala na mlango unashuka, nikauzuia kwa shingo na bega. Nilipomwambia mama alitazama kwanza kama baba yuko karibu, kisha akasema, "Mwache baba yako apone kwanza." Kwa hiyo sasa kila tukifika mahali mimi hukimbia niwe wa kwanza kwenye buti, nafungua, natia shingo chini ya mlango kama mtu anayepanga mizigo, na baba huwaambia watu kwamba binti yake siku hizi ana adabu, hangoji kutumwa. Shingo inaniuma hata darasani. Ningevumilia, ila mama yake baba anakuja kukaa nasi, na bibi ana mazoea ya kukaa kwenye ukingo wa buti akibadilisha viatu, chini kabisa ya mlango huo, na siku watakayokwenda kumpokea mimi nitakuwa kwenye mtihani.

Kuna jingine naona haya kulisema. Nadhani dawa yake naijua. Kifungo kikichomoka na kitambaa chake, mama hashoni tena palepale kwa uzi mnene, kwa sababu uzi mnene huchana zaidi. Huweka kiraka kidogo kwa ndani, kisha hushona kifungo, nguo na kiraka kwa pamoja. Lakini mimi ni mtoto, nitamfundishaje baba yangu?

Ni mimi, Nguzo ya Buti.

*

Marahaba, Nguzo. Kabla hujasoma mstari wa pili, toa shingo yako hapo chini. Ya kwako iliumbwa ibebe kichwa, nacho naona ni kizuri, basi kitunze. Kuanzia leo mpini wa fagio urudi kazini, na asikae mtu kwenye ukingo ule, awe bibi au paka.

Mama yako naye najua atasoma, kwa hiyo namwambia hapahapa: dada, huruma yako naiona, lakini mgonjwa haponi kwa kufichwa kidonda chake. Mmemfanya mume na baba kuwa yai. Mtu aliyeinuka mwenyewe kwenye kochi akaenda kuazima drili hawezi kuvunjwa na skrubu zilizolegea. Kitakachomvunja ni mlango kumshukia mama yake mzazi, halafu agundue kwamba nyumba nzima ilijua isipokuwa yeye.

Unauliza utamfundishaje. Usimfundishe, muulize. Mwombe mama nguo aliyoitia kifungo kwa namna hiyo, mpelekee baba mkiwa peke yenu, si mbele ya Meneja, umwambie hivi: "Baba, skrubu zimelala. Nimeangalia kifungo hiki nikaufikiria mlango wetu. Bati nalo linaweza kutiwa kiraka?" Kisha nyamaza. Najua kunyamaza ni kazi ngumu kwa mtoto anayejua jibu, lakini mpe nafasi akigeuze kifungo mkononi.

Nimemuuliza fundi bodi ninayemwamini, akacheka, akasema kiraka chako kipo, wao hukiita bamba. Mlango uegemezwe imara na mtu mzima aushike, shokapu ichomolewe, plastiki ya ndani itolewe. Bamba nene la chuma, pana kuliko mchaniko wenyewe, liingie kwa nyuma, na bolti zipite kwenye kibati, bodi na bamba, zikazwe kwa nati. Chuma kilichobaki wazi kipakwe rangi kisije kikashika kutu. Lakini kama bati limekwisha kuliwa na kutu, ukilibonyeza kwa kidole linaingia, hapo ni kazi ya kuchomelea, gari liende gereji, na hakuna aibu. Akasisitiza pia kwamba shokapu ya kulia ibadilishwe, maana upande mmoja ukibeba mzigo wa wote lazima utachana mahali. Wewe hilo huna haja ya kuelezwa na fundi.

Mama yako awepo siku ya matengenezo, kiraka ni fani yake. Itakuwa mara ya kwanza mafundi wawili wa nyumba moja kushona kitu kimoja.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Baba yako alichokosa ni kiraka tu. Ule mluzi wa bafuni ni wake kwa haki. Mwambie leo hii. Na siku bibi atakapowasili, baba aufungue mlango ule kwa mkono wake mwenyewe, na wewe uwe umeinama juu ya karatasi ya mtihani, shingo haikuumi.