Fomalini ya Mbinguni

Mpendwa Dada Pokuaa,

Pokea salamu zangu huko Hamburg. Mafua yamekuachia? Watoto hawajambo? Mimi ni mzima, ila kitambi changu sasa hunitangulia mlangoni.

Kazini bado naendesha lile dishi kubwa linalosikiliza mawimbi ya redio kutoka angani. Majuzi tulilielekeza kwenye wingu jeusi la gesi lililo kati ya nyota. Mstari kwenye skrini, badala ya kupanda, ukazama. Nikazima, nikawasha, nikapuliza vumbi, mwishowe nikamwendea mkuu wangu, Daktari Naa Dedei, kuungama kwamba nimeua mtambo. Alicheka mpaka akatafuta kiti. “Mzee Dwomoh, mtambo hauna neno. Hiyo ni fomalini.”

Naam, dawa ya mochwari. Akanieleza kwamba huko mawinguni imejaa tele, tena ni baridi kuliko hata ile baridi ya anga iliyo nyuma yake. Ndiyo maana mstari unazama. Tangu siku hiyo, nikiketi mbele ya skrini, harufu ya pale mochwari alipolazwa Mama hunijia puani. Na usingizini huja mwenyewe, amejikumbatia mabega kwa baridi.

Nilimsimulia Mjomba Adomako, nikidhani atanitania kama kawaida yake. Akaniuliza wingu hilo linangoja nini. Nikamwambia humo huzaliwa nyota, baada ya miaka isiyohesabika.

“Basi lenyewe lina muda,” akasema. “Mama yenu anangoja nini?”

Anakungoja wewe, dada, nawe unangoja hati zako za ukaazi. Najua ukitoka kabla hujazipata hutarudi kwa wanao. Tangu mavuno ya kakao ya mwaka jana nimekutetea mbele ya ukoo: mwezi ujao atakuja, mwezi ujao.

Sasa niseme ninalolizunguka. Mama hayuko tena mochwari. Nimemtoa mimi, Mjomba hakunishurutisha. Yuko nyuma yangu hapa sebuleni Mampong, juu ya kitanda cha shaba, amevaa kente yake ya harusi. Tunazika kesho, barua hii itakukuta ameshalala. Sikukupigia simu kwa sababu ungesema “ngoja”, nami ningengoja.

Nguo na mto ambavyo binti mkubwa humpa mamaye azikwe navyo, nimeviweka kwa jina lako. Nimemshika Mama mikono muda mrefu. Imeanza kushika joto la chumba.

Wabusu watoto. Ukitaka kunitukana, nitukane kwa kirefu, nitasoma yote.

Mdogo wako,
Kwaku Dwomoh