Programu Uliyotuchagulia

Sudi,

Leo nimefuta namba yako kwenye simu, nikakaa kidogo, nikairudisha. Nakuandikia kwa sababu siwezi kukupigia nikakufokea. Ungekuwa hai ningekufuata mpaka mtaani kwenu Ng'ambo nikusimamishe mlangoni.

Unakumbuka tulivyobishana kuhusu programu? Tulikuwa tumerudi kutoka Usoke kwa treni, viatu vimejaa vumbi, simu zimejaa picha. Bibi yangu alikuwa ametutembeza porini akituonyesha ilikopita njia ya misafara ya kwenda Ujiji, na bonde ambako babu yake, mpagazi, alikuwa akitua mzigo apumzike. Tulitaka kuijenga njia ile kwenye kompyuta kwa pande tatu, mtoto wa shule aipite akiwa darasani kama anayetembea kweli.

Mimi niliitaka ile programu ya bure, inayokaa ndani ya kompyuta yako, umeme ukirudi unaendelea ulipoishia. Inachosha, nakubali. Kila kilima unakifinyanga mwenyewe. Wewe ukaipenda ile ya mtandaoni: unaipa ramani, vilima vinainuka, miombo inaota, na kazi yote inatunzwa huko huko kwa wenye programu. Nikakuuliza, "Na siku wakitufungia?" Ukacheka. "Kalunde, tutazeeka tunafinyanga kilima kimoja. Niamini." Akaunti ukaifungua kwa namba yako, neno la siri ukabaki nalo wewe, kompyuta yangu ukaiingiza kwa mkono wako. Nikakuamini. Ningeachaje? Tangu sekondari tulikuwa tukigawana muhogo mmoja.

Tukafanya kazi. Wewe ulishughulika na ardhi na mwanga. Mimi miti, mizinga ya asali na lile bonde. Bonde lilinitesa. Kuna siku maji yalikuwa yanapanda mlima, tukacheka mpaka ukaishiwa pumzi. Kumbe figo zilikuwa zimeshaanza kuharibika.

Ulipolazwa nilikuletea uji kila asubuhi. Ulikuwa na kompyuta kitandani, na nikiingia unaifunika. Nilidhani unanificha maumivu. "Usiwe na wasiwasi na kazi yetu," ukaniambia. Yetu. Ulisema yetu, Sudi.

Tulipokuzika niliacha matanga yaishe, ndipo nikajaribu kuingia kwenye akaunti. Haifunguki. Nikasema labda bando, labda mtandao. Halafu mwezi uliopita kampuni moja ya Dar es Salaam ikaja mjini kuonyesha kazi zake kwa walimu, nami nikaenda kama wengine. Wakazima taa. Ukutani likatokea bonde la babu yake bibi. Mizinga yangu inaning'inia pale pale nilipoitundika. Chini, jina lako tu.

Nikasimama. Nikasema, "Hilo bonde nimelitengeneza mimi."

Yule bwana wa kampuni hakuwa na ubaya hata kidogo. Akaniambia kwa upole, "Pole sana, dada. Marehemu mwenyewe alitukabidhi akiwa hospitali, tuimalizie. Alituambia aliifanya peke yake."

Peke yake.

Ungeniambia unaogopa kufa kabla haijaisha, ningeelewa. Kompyuta zao zina nguvu, zetu zilikuwa zinaganda kila saa. Ningekubali jina lako litangulie, hata kwa herufi kubwa. Hukuniuliza. Na nilikuwa nimekaa hapo hapo, pembeni ya kitanda chako, nakupoozea uji.

Nilienda kumjulia hali mama yako. Nikamwamkia, akaitikia huku amenishika mikono yote miwili. "Mwanangu, Sudi alisema kazi yote amekuachia wewe. Uitunze." Nikamjibu, "Ndiyo, mama." Ningemjibu nini? Nilitoka pale nikalia barabarani, mchana kweupe, watu wananipa pole kama mtu aliyefiwa siku ile.

Kwa hiyo mimi nilimwonea huruma mama yako, na wewe ulimdanganya hata yeye.

Sasa nimechagua mwenyewe, ile programu ya bure. Wiki iliyopita nilipanda treni peke yangu kwenda Usoke. Bibi hawezi tena kufika porini. Alikaa uani akinielekeza kwa fimbo, nami nikaenda kupiga picha upya. Sehemu moja ya njia imelimwa tumbaku. Nitaiweka na tumbaku yake. Kilima cha kwanza nimekimaliza, ingawa bado kimepinda upande mmoja. Kinachonishinda ni mwanga wa jioni, ule unaopita kwenye vumbi. Ulikuwa unaujua wewe tu kuuweka. Jana nimehangaika nao hadi nikajikuta nakuita kwa sauti, kisha nikakumbuka, nikakasirika upya.

Kwaheri, Sudi. Mama yako hatayasikia haya kutoka kwangu. Na mtu akiniuliza habari za ile kazi ya kwanza, nitasema tuliifanya wawili, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Lala. Neno "salama" bado limenikwama kooni. Siku likitoka nitakuja kaburini kulisema mwenyewe. Hilo nakuahidi.

Kalunde